Picha ya Lonnie Treadway

Sisi watu wa Carlow tuna maradhi yetu: hadithi ikitupendeza, hatuiulizi imetoka wapi. Tunaimeza tu. Na hadithi iliyotupendeza kuliko zote ilitundikwa ukutani, mlangoni pa ukumbi wa michezo wa Chuo cha Tolliver, ndani ya fremu ya mbao, usawa wa kifua cha mtu mzima.

Ilikuwa picha ya Lonnie Treadway alipokuwa na miaka ishirini na tisa, enzi zile akicheza mpira wa kikapu wa kulipwa. Amesimama kwa mguu mmoja. Goti la kulia limevimba kama boga. Uso ameugeuzia benchi la timu yake, na mikono yote miwili inaning'inia. Chini ya picha gazeti liliandika maneno matatu: Hakunyanyua mkono wake.

Mpira huu una desturi. Mchezaji akiishiwa pumzi, au akiumia, anakunja ngumi na kuinyanyua juu. Kocha akiiona anamtoa, anaingia mwingine, na hakuna wa kumcheka. Desturi nzuri, ya watu wenye akili. Sisi Carlow hatukuwa nayo. Treadway alicheza dakika tisa za mwisho za fainali goti limekatika ndani, hakuomba kutoka, timu ikashinda kwa pointi moja, naye hakucheza tena maisha yake yote. Kwetu hiyo ilikuwa habari ya kujivunia. Tulimpokea nyumbani na tarumbeta, tukampa timu ya chuo aifundishe, tukampa na nyumba karibu na mto.

Kila mchezaji wa Tolliver, akiingia ukumbini, aliigusa ile picha kwa vidole viwili. Wakongwe waliwafundisha wageni. Baada ya miaka kioo kilipata ukungu palepale kwenye goti. Na mazoezini, kijana mgeni asiyejua mambo akithubutu kunyanyua ngumi, Treadway alipuliza filimbi, kila mtu akasimama.

"Nani amekufa humu?" aliuliza.

"Hakuna, Kocha!" wakajibu kwa pamoja.

"Basi huo mkono ni wa nani?"

Vicheko hapo, ukumbi mzima. Yule kijana anashusha mkono, masikio yamemwiva, na ndiyo mwisho wa mkono wake kupanda. Miaka kumi na moja Treadway alifundisha Tolliver, na katika mechi hakuna ngumi hata moja iliyonyanyuliwa. Tulikuwa tukiwasimulia wageni hilo kama watu wengine wanavyowasimulia vikombe walivyoshinda.

Mwaka 1984 Treadway aliendesha gari kwa muda wa saa nne kwenda mji wa Gary, kule kwenye viwanda vya chuma, kumwomba mama mmoja mtoto wake. Ndivyo kazi ya ukocha wa chuo ilivyo, nusu yake hufanyika jikoni kwa watu. Mama huyo aliitwa Verlene Baskerville, mpishi wa shule, mjane. Mwanawe Cornell alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu hadi anaegemea jokofu kama mtu anayeegemea meza. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi na mboga za majani zilizochemshwa pamoja na mguu wa nguruwe. Treadway alikula, akasifia, akaongezewa.

"Makocha wengi wamepita kwenye kiti hicho," Verlene alisema. "Wanakula kuku wangu, wananiahidi mtoto ataonekana kwenye televisheni. Wewe umekuja na ahadi gani?"

"Atapata shahada yake, Bi Verlene. Hilo nakuhakikishia."

"Sikukuuliza shahada."

Treadway akaweka uma chini.

"Baba yake alitoka mlango huo alfajiri, na kikopo chake cha chakula," Verlene alisema. "Wiki nzima analalamika kifua. Nikamwambia, Roscoe, mwambie msimamizi ukae leo. Akasema, jamaa watanicheka. Saa nne asubuhi wakaja wanaume wawili, kofia mkononi. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Sasa nisikilize. Mambo ya kikapu mtayajua wenyewe. Mimi nataka mwanangu unirudishie anatembea kwa miguu yake."

"Nitakurudishia mimi mwenyewe," Treadway akasema. "Mpaka mlango huu."

"Mama nawe!" Cornell akacheka pale kwenye jokofu. "Mtu ananichukua nikacheze, unaongea kama nakwenda vitani."

Verlene hakucheka. Alimwongezea Treadway mkate wa mahindi bila kumuuliza.

Cornell alikuwa mchezaji ambaye mfano wake Carlow haikuwahi kuuona, na nasema hivyo nikiwa nimewaona wote. Alipita katikati ya watu kama mwenye nyumba anavyopita sebuleni kwake. Mwaka wake wa tatu, vuli ya 1986, tulianza kuhesabu vidole tukiuota ubingwa wa kanda. Na ilikuwa vuli hiyohiyo, mwezi wa Oktoba, alipoanguka mara ya kwanza.

Walikuwa wakikimbia mistari: nenda gusa mstari, rudi, nenda wa mbali zaidi, rudi. Cornell aliinama kugusa, akaendelea kushuka. Mzee Hollis Pruitt, aliyewafunga wachezaji mikanda ya vifundo vya miguu na kuwatibu michubuko, alimfikia kwanza. Akamshika kifundo cha mkono, akatulia kama anayesikiliza mlangoni.

Cornell alifumbua macho, akatabasamu. "Nimeteleza tu. Sakafu ina jasho."

"Leteni taulo," Treadway akasema haraka. "Pangusa hapo."

Wakapangusa. Taulo lilitoka kavu, na kila mtu aliliona lilivyo kavu.

Baadaye Hollis alimfuata ofisini. "Lonnie, ule mshipa haupigi sawa. Unakimbia, unasimama, unakimbia tena. Apelekwe kwa daktari."

"Hajala vizuri. Watoto hawa wanaishi kwa soda."

"Nimewafunga watoto mikanda miaka thelathini. Najua aliyeteleza na ambaye hakuteleza."

"Nitaliangalia, Hollis."

Hakuliangalia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na timu iliyokuwa njiani kushinda mechi kumi na nne mfululizo. Tangu siku ile Treadway alianza kuhesabu bila kutaka. Cornell akiinama, alihesabu mpaka ainuke. Cornell akienda kunywa maji, alihesabu mpaka arudi. Nyumbani mkewe alimwona amekaa na kijiko cha supu mkononi, midomo inacheza, akamuuliza anasali nini. Akasema hasali.

Basi ikaja mechi ya mwisho wa Januari, na wale watu wa ng'ambo ya mto tusiopendana nao tangu enzi za babu zetu. Dakika sita zimebaki, timu ziko sawa. Mpira umetoka nje, mwamuzi anaufuata. Cornell amesimama mstari wa kati, mkono kiunoni. Akageuka kutazama benchi.

Treadway aliuona uso ule. Akauona na mkono: ngumi imekunjwa, imepanda mpaka mbavuni, imesita pale. Macho ya kijana yalikuwa yanauliza.

Na Treadway akainamisha kichwa. Alitazama ubao wake mdogo wa kuchorea, akashika chaki, akachora mstari usiokwenda popote. Alipoinua kichwa, mkono wa Cornell ulikuwa umeshashuka, na mchezo unaendelea. Tulishinda kwa pointi nne. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka, wajinga sisi.

Yeye peke yake ndiye aliyejua alichokifanya, kwa sababu alishawahi kufanyiwa.

Hapa niseme lile ambalo hatukulijua. Usiku ule wa fainali, goti lilipokatika, Lonnie Treadway alinyanyua mkono. Alinyanyua ngumi juu kabisa, mbele ya watu elfu kumi na tano. Kocha wake aliiona, akainamia karatasi zake. Alinyanyua tena. Akanyanyua mara ya tatu, na kocha akageuka akaongea na msaidizi wake. Ndipo Lonnie akaushusha mkono, na mpiga picha akabonyeza. Kesho yake, kitandani hospitalini, mwandishi wa gazeti alimuuliza: ni kweli hukunyanyua mkono? Alikuwa na maumivu, alikuwa na aibu ya mtu aliyeomba akanyimwa. Akajibu, kweli. Neno moja. Neno hilo likampa kazi, nyumba, heshima, na watoto wa watu mia na zaidi waliopita mikononi mwake wakijifunza kwamba mkono haunyanyuliwi.

Baada ya mechi ile, chumba cha kubadilishia nguo, Cornell alikuwa anavua kiatu alipoanguka mara ya pili. Safari hii hakutabasamu. Midomo ilikuwa ya kijivu, na Hollis alimpiga kifuani huku akimwita jina kwa sauti ambayo vijana wale hawakuwahi kuisikia kwa mzee huyo mpole. Ilipita dakika nzima. Treadway aliihesabu yote.

Ilipoingia Februari daktari alimpima siku mbili, akaandika barua. Msuli wa moyo umenenepa kupita kiasi, aliandika. Hali hii huenda inarithiwa. Huenda moyo ukasimama wakati wowote akiwa anakimbia.

Bwana Stroud, mkurugenzi wa michezo wa chuo, aliisoma barua akaikunja vizuri. "Anasema huenda. Nimehesabu mara mbili, Lonnie. Huenda, huenda. Jumamosi tunaanza mashindano ya kanda. Yakiisha, tutamtafutia daktari mwingine, bingwa."

"Na moyo ukisimama Jumamosi?"

"Huyu kijana mwenyewe anataka kucheza. Muulize." Stroud akacheka kidogo. "Halafu na wewe, wewe miongoni mwa watu wote, unaniletea habari za kumtoa mtu?"

Treadway aliichukua barua akaitia mfukoni. Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wameshapanga foleni ya tiketi kwenye theluji, alikwenda bwenini kwa Cornell akamwambia apande gari. Cornell alidhani wanakwenda kula kifungua kinywa. Walipoupita mji na kushika barabara ya kaskazini, akaacha kuimba.

"Kocha, mechi ni saa nane."

"Najua."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa mama yako."

Cornell alishika mkono wa mlango, gari likienda. "Simamisha."

"Sisimamishi."

"Kocha, wewe simamisha gari! Wenzangu wananisubiri! Watu wa timu za kulipwa wanakuja leo kunitazama mimi, unajua hilo? Mimi!"

Treadway alishika usukani kwa mikono miwili. Pande zote ni mashamba ya mahindi yaliyovunwa, mabua yamechomoza kwenye theluji. Akamweleza. Alimweleza karatasi za kocha wake, na mara tatu, na swali la yule mwandishi. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jambo hilo, mkewe mwenyewe hakuwahi kulisikia, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtu anayesoma barua ya mwingine.

Cornell aliuachia mkono wa mlango. Halafu akacheka, cheko baya.

"Ile picha nimeigusa kila siku ya Mungu miaka mitatu. Mama alipougua niliigusa nikamwombea. Leo unaniambia ni uongo? Leo, siku ya mechi?"

"Leo ndiyo nimepata nguvu."

"Hapana. Umezua hii ili nikae. Umeogopa tu. Wamekutisha na barua yao."

"Nimeogopa, ndiyo. Mwanangu, nisikilize. Niliuona mkono wako Januari. Niliuona nikainama. Usiniamini lingine lolote, niamini hilo. Siku nyingine ukinyanyua na benchi lisikutazame, nyanyua tena. Mara ya tatu wasipotazama, usingoje. Tembea. Toka uwanjani ukakae chini, wazomee watakavyo."

"Mimi si mwanao," Cornell akasema.

Verlene alifungua mlango akiwa bado na aproni. Aliwatazama wawili wale kwenye theluji, akajua kabla hajaambiwa. Treadway alimpa barua. Aliisoma yote amesimama hapohapo kizingitini, Cornell akampita akaingia ndani bila kusalimia.

"Mmejua lini?" Verlene akauliza.

Angeweza kusema wiki hii. Barua ilikuwa ya wiki hii.

"Alianguka Oktoba," akasema.

"Oktoba." Alilirudia taratibu. "Umekaa na mwanangu Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari. Unamkimbiza."

"Ndiyo, Bi Verlene."

"Haya. Umemleta anatembea, ahadi yako umetimiza. Sasa ondoka mlangoni pangu."

Tolliver ilifungwa kwa pointi ishirini na moja siku hiyo. Majina tuliyomwita Treadway sitayaandika. Aprili mkataba wake haukuongezwa, na chuo hakikutoa sababu, wala hakuna aliyeuliza. Siku ya mwisho alikuja ukumbini na bisibisi, akaifungua ile picha ukutani akaitia kwenye buti la gari. Ilibaki alama nyeupe ya mraba, na amini usiamini, vijana waliendelea kugusa ukuta mtupu wakipita.

Alijaribu kutwambia ukweli. Alikwenda kwa Purvis, kinyozi, Jumamosi pamejaa, akasimama katikati ya nywele zilizomwagika sakafuni.

"Nilinyanyua mkono," akasema. "Mara tatu. Hakunitazama."

Purvis alizima mashine. "Lonnie, keti nikunyoe. Umechoka."

"Sijachoka. Nawaambia nilinyanyua."

Mtu mmoja nyuma ya gazeti akasema, "Ameshaua timu, sasa anataka kumuua na Treadway." Wakacheka. Nami nilicheka, nisijitoe. Akavaa kofia yake akatoka, akichechemea kwa lile goti.

Alipata kazi ya kufundisha vijana wa sekondari kuendesha gari. Huku nyuma Cornell alikuwa ameshatimiza miaka ishirini na moja, na karatasi za chuo zinataka sahihi yake mwenyewe, si ya mama yake. Verlene alilia, akatishia, akakaa mbele ya mlango. Sikio la kufa halisikii dawa. Chuo kimoja cha jimbo la jirani kilimtaka. Daktari wao akasoma barua ileile, naye akaona lile neno huenda ni jepesi. Sheria ya kuhama ilimtaka akae mwaka mzima bila kucheza mechi, akakaa. Treadway alimwandikia barua kumi na moja mwaka huo. Zote zilikuwa fupi na zote zilisema mamoja: nyanyua, mara tatu, kisha tembea. Hakujibiwa. Alimwandikia na kocha wa kule, hakujibiwa vilevile.

Msimu ulipoanza, Treadway akapata desturi mpya. Kila Jumamosi mchana alipanda na gari kwenye kilima cha maghala ya mahindi, nje ya mji, kwa sababu hapo tu ndipo redio ya jimbo la jirani ilipokamata. Alizima injini, akafunga koti, akasikiliza. Hakujali nani anashinda. Alikuwa anasikilizia jina. Mtangazaji akisema Baskerville, alishusha pumzi. Zikipita dakika mbili jina halijatajwa, alianza kuhesabu. Tulimwona tukipita na matrekta, mtu na gari lililozimwa kwenye baridi ile, tukasema maskini, akili zimeruka.

Jumamosi moja ya Februari, mwaka 1989, theluji ilikuwa inaanguka nyepesi na redio inakwaruza. Kipindi cha pili. Mtangazaji alikuwa na sauti ya mtu aliyekunywa kahawa nyingi.

"Baskerville anao, Baskerville anapita, Baskerville huyoooo! Wacha wee! Pointi ishirini na sita leo, kijana hana huruma!"

Treadway akashusha pumzi. Kisha jina likapotea. Dakika moja. Dakika mbili. Alifuta kioo kilichojaa mvuke, kana kwamba angeuona uwanja.

"Dakika tatu na nusu zimebaki, tunaongoza kwa moja. Mpira umetoka. Baskerville ameinama, mikono magotini. Amechoka kijana, kafanya kazi. Anainuka... ananyanyua ngumi. Naona anaomba kutoka. Kocha yuko ubaoni, anachora, anawaelekeza."

"Mtazame," Treadway akasema.

"Mpira unaingia, wanaanza tena. Watatu dhidi ya wawili, wanakosa! Baskerville amebaki nyuma, hakukimbia. Amenyanyua tena ule mkono. Kocha anaongea na mwamuzi."

"Mtazame, wewe!" Treadway aliipiga redio kwa kiganja. "Mtazame mtoto! Geuza kichwa!"

Redio ikakwaruza, sauti ikaenda. Alizungusha kitufe kwa vidole vilivyokufa ganzi, nyimbo za kanisani zikaingia, bei za nguruwe zikaingia, akarudi, akaipata.

"...mara ya tatu sasa, sijui kama benchi limemwona. Kocha ameinama, anatazama karatasi zake. Twende, kijana, dakika tatu tu, jikaze! Mpira kwa wageni, wanapasiana... Sasa huyu anafanya nini? Mabibi na mabwana, Baskerville anatembea. Anatoka! Mpira unachezwa, hajaitwa na mtu, anatoka uwanjani kwa miguu yake! Tumebaki wanne! Wanatufunga, wanatufunga hao! Ah!"

Zomeazomea ilikuja ndani ya gari lile kama mvua ya mawe juu ya bati. Watu elfu nane wanamzomea mtoto mmoja.

"Miaka ishirini na mbili natangaza," mtangazaji alikuwa anafoka, "sijaona uoga wa namna hii. Amekwenda zake mwisho wa benchi. Amekaa. Amekaa chini, anajifunika taulo."

Treadway alikuwa analia kwa sauti. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, ngumi imekunjwa, imegota kwenye paa la gari, na hakujua ameunyanyua tangu lini.

Jioni, kabla ya chakula, simu yake ililia nyumbani. Ilikuwa sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka miwili.

"Kocha Treadway. Redio yako ilikuwa wazi?"

"Ilikuwa wazi, Bi Verlene."

"Wamempeleka hospitali kutoka palepale kwenye benchi. Moyo ulikuwa umeanza kupapatika. Wamemuwahi. Daktari anasema angekimbia kwenda na kurudi mara moja tu..." Hakumaliza. Alisikika akivuta kiti akikaa. "Hatacheza tena. Amesema mwenyewe. Ameniagiza nikuulize kitu."

"Uliza."

"Zilikuwa mara ngapi? Siku ile yako."

"Tatu."

"Ndivyo alivyohesabu," Verlene akasema. "Anasema alihesabu tatu, halafu akatembea." Maji yalisikika yakichemka jikoni kwake. "Wakimruhusu, Jumapili ijayo nakaanga kuku. Mlango unaujua."